Mukubwa Mwenye Aliinama Mara Saba: Maisha ya Valère Mulumba, 1927–1979

Batata na bamama wa Kabuta, wapendwa wa kanisa, na ninyi mwenye mulivuka ziwa Mweru kutoka Kilwa: mimi ni Dominique Mulumba, mudogo wa marehemu, tumbo moja. Tarehe zimeandikwa na Zacharia, mutoto wake wa kwanza, mwenye kalamu yake ni nzuri. Mengine yote ni yangu. Zacharia aliniomba niseme mazuri ya baba yake, na mazuri si haba, nitayasema mpaka muchoke. Lakini mimi na mukubwa wangu hatukukula sahani moja kwa miaka tisa, na kila mutu hapa anajua. Nikisoma karatasi hii na kuruka hapo, mutaniita mwongo kabla ya udongo kukauka. Kuna kitu kimoja marehemu alikingoja kutoka kwangu miaka hiyo yote. Nitawaambia kama alikipata.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1927 kule Kilwa ya Katanga, ngambo ya pili ya ziwa, mutoto wa kwanza wa baba Fabien Mulumba, fundi mwashi wa misioni mwenye alitoka Kasai, na mama Ngalula. Nyuma yake walizaliwa wawili wenye hawakuishi, kwa hiyo mama alimushika Valère kama yai. Mimi nilikuja mwaka 1932. Nilibebwa mugongoni kama mutoto yeyote, lakini macho ya mama yalikuwa mbele, yanamutafuta mukubwa. Nasema hivi bila wivu. Aa wapi, nasema na wivu, tuendelee.

Alisoma shule ya misioni pale Kilwa toka 1935 mpaka 1941, akamaliza darasa la sita akiwa wa kwanza kati ya watoto kumi na wanane. Mapadri walitaka kumupeleka seminari. Mwaka ule ule baba yetu akafa, na mutoto wa miaka kumi na ine akaanza kulisha nyumba. Mimi nilikula chakula chake, nilivaa kaptula zake, na kitabu cha kwanza nilichosoma kilikuwa na jina lake ndani. Hakunikumbusha hata siku moja.

Mwaka 1945 aliingia kazi kwa mununuzi wa samaki, muzungu mumoja tuliyemuita Bwana Nissim, Muyahudi wa kisiwa cha mbali chenye jina Rodi. Kazi ya Valère ilikuwa kupima samaki na kuwatia chumvi. Kila Ijumaa, jua likianza kushuka, Bwana Nissim alifunga duka, alivaa kofia yake, na kusoma kitabu peke yake kwa sauti. Batu wa Kilwa walisema anaongea na mali yake. Valère siku moja akamuuliza, “Patron, unasoma nini?” Muzee akajibu, “Habari za babu yangu Yakobo.” Valère akasema, “Yakobo wa Biblia? Huyo namujua.” Muzee akacheka sana. “Unamujua akivaa nguo za kuazima. Njoo nikuonyeshe akiwa nyumbani kwake.” Akasawazisha chumvi juu ya meza kwa kiganja, akaandika herufi za Kiebrania kwa kidole, toka kuume kwenda kushoto.

Hiyo ndiyo seminari ya mukubwa wangu. Herufi ni ishirini na mbili. Zilimuchukua kiangazi mbili. Kisha akaanza daftari. Kila ukurasa neno moja la Kiebrania, na chini yake hakuandika maana tu, aliandika neno lile lilimufanya nini siku ile. Neno la upepo na la roho pia, ruah, yeye alisema kila muvuvi wa Mweru analijua kabla ya padri: kitu chenye hukioni na kinakupeleka penye hukutaka. Hakujifanya mwalimu mukubwa. Ukimuuliza neno asilolijua alisema wazi, “Hilo bado halijanikuta.”

Mwaka 1960 fujo ikaingia Katanga. Bwana Nissim akaondoka, na sisi watu wa asili ya Kasai tukaanza kuangaliwa vibaya. Januari 1961 Valère akavuka mupaka kuja huku. Mama alikataa kuacha kaburi la baba, kwa hiyo mimi nilibaki naye. Hatukugombana siku ile; nilimusukumia mutumbwi mimi mwenyewe. Hapa Kabuta alianza na baiskeli moja, akinunua samaki mubichi kwa wavuvi, akiwatia chumvi na kuwakausha, kisha kuwapeleka soko la Kawambwa. Kazi yake munaijua. Hakuna mama hapa mwenye anaweza kusema Valère alimuuzia samaki mwenye dudu.

Na meza ya chumvi akaileta nayo. Kila Jumatano, kazi ikiisha, wauzaji wa samaki wenye kusema Kiswahili na Wabemba waliotaka walikaa kuizunguka, na yeye akaandika neno moja. Mwanzoni batu waliogopa. Mutu anaandika kinyume, ndani ya chumvi, maneno yenye hayajulikani: si bulozi huu, si uchawi? Muzee mumoja wa kanisa alitumwa kuchunguza. Alikaa Jumatano tatu akiangalia kidole cha Valère, na ya ine akaja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani.

Mama Rosaria yuko hapa, ameniruhusu niseme habari yake. Alipopoteza mutoto wake mwaka 1966, hakula, na kila mutu alimuambia, “Omba, mama, roho yako itapona.” Maneno ya roho yalimuchosha. Valère akaandika kwenye chumvi neno la nafsi, nefesh, akagusa shingo yake. “Mama,” akasema, “Wayahudi wa zamani waliisikia nafsi hapa, kwenye koo. Hana, alipolia mbele ya Mungu juu ya mutoto, Biblia yao inasema nefesh yake ilikuwa chungu. Na yeye hakula.” Rosaria akashika koo lake mwenyewe. Akasema, “Ni hapa. Toka siku ile hakuna kitu kinapita hapa.” Valère hakuhubiri. Alimupa maji, wakangoja mpaka akanywa. Rosaria anasema siku ile kwa mara ya kwanza alijua Biblia ilikuwa na habari zake.

Tarehe 17 Agosti 1963 alimuoa Olipa Chilufya, binti wa hapa Kabuta. Valère alikuwa na miaka thelathini na sita, na batu walikuwa wameanza kusema ameoa kitabu. Alimukuta Olipa akichota maji, akamueleza kwa Kibemba chake kibovu kwamba Isaka alipata muke kwenye kisima, Yakobo alipata muke kwenye kisima, na Musa pia kwenye kisima. Olipa akamuangalia chini mpaka juu. “Awe, hapana, baba,” akasema, “sisi hapa tuna ziwa zima. Wewe leta sabuni.” Akaleta sabuni. Ndoa yao ilikuwa ya kucheka mpaka mwisho, na Mungu aliwapa watoto watatu.

Sasa nafika penye sitaki kufika.

Mama yetu Ngalula alikufa Kilwa, Jumatano tarehe 11 Machi 1970. Siku nane alilala mugonjwa. Mimi nilishika kikombe, mimi nilibadilisha shuka. Na siku zote nane aliita jina moja. Nikimuwekea maji mudomoni anafungua macho: “Valère, umekuja?” “Ni Dominique, mama.” “Aa. Na Valère?”

Marehemu alikuwa kule kijiji cha Mununga kununua samaki. Habari ilimufikia Alhamisi alfajiri. Aliendesha baiskeli mpaka hapa bila kupumzika, akachukua mutumbwi na shemeji yake Lackson, ndugu ya Olipa, na upepo ukawapindua karibu na kisiwa. Muguu wake wa kuume ulibanwa kati ya mutumbwi na jiwe. Wavuvi waliwaokota wote wawili wakiwa hai. Saa ile mimi nilikuwa namuzika mama peke yangu.

Wiki tatu nyuma yake akafika mulangoni kwangu na fimbo. Akasema, “Dominique, maji yalinifika kooni.” Nikamujibu, “Mama amekwisha zikwa. Rudi kwa Wabemba wako.” Nikala kiapo sitakula naye tena. Nilijua anasema kweli, wavuvi walikuwa wamenieleza yote. Ubaya wangu uko hapo: sikumukasirikia juu ya kwamba hakuja. Nilimukasirikia juu ya kwamba ni yeye aliitwa. Na juzi, nyumbani kwake, nimesoma daftari lake, ukurasa wa nefesh, tarehe 30 Machi 1970. Ameandika: “Ndani ya maji nilimuita mama. Na mama, wanasema, aliniita mimi. Nani alimuita Dominique?”

Kumbe alijua. Miaka yote mimi nilifikiri nimeficha vizuri.

Lackson anasema toka mwaka ule Valère alikwama kwenye hadithi ya Esau. Kila Jumatano, Esau. Aliwauliza watu wake, “Wahubiri wanamupenda Yakobo. Lakini Esau alipopiga kelele, ‘Baba, una baraka moja tu?’, nani alimupangusa machozi? Someni, mutafute. Hakuna.” Alitafuta kwa Kiebrania pia, akaona hakuna. Akasema basi kazi ile ilimubakilia Yakobo mwenyewe. Akapanga kuja kwangu kama Yakobo alivyokwenda kwa Esau: zawadi mbele, yeye nyuma.

Septemba 1973 Lackson akavuka na kapu la samaki makobo wakavu, wale wakubwa. Akasimama mbele yangu kama mutoto wa katekisimu: “Hii ni ya mutumishi wako Valère, kwa bwana wake Dominique, na yeye mwenyewe anakuja nyuma.” Mimi nikafikiri ni biashara mupya. Nani anatuma samaki kuvuka ziwa hili bila biashara? Nikamupa Lackson sabuni na chumvi ya kubadilishana, tukawa sawa. Valère alipoona sabuni alikaa chini akacheka mpaka machozi yakatoka. Wiki ya pili kapu lingine, maneno yale yale. Nikarudisha kitambaa na taa. Lackson akaniambia, “Shemeji, huyu mutu hauzi.” Nikasema, “Basi aache kutuma.”

Jumamosi tarehe 22 Septemba, siku ya soko, akaja mwenyewe. Alishuka kwenye mashua na fimbo yake, kapu la tatu mukononi. Hatua thelathini mbele ya mulango wangu akapiga magoti, akainamisha uso mpaka kwenye matope yenye magamba ya samaki. Akasimama kwa shida juu ya muguu ule, akasogea, akainama tena. Bamama wakaacha kuuza. Mara ya tatu mutu mumoja akapiga kelele, “Yesu wangu, mukubwa anapigia mudogo magoti!” Munajua kwetu. Mukubwa akimupigia mudogo magoti mbele ya batu, si heshima. Ni kumuambia, “Wewe sasa ndiye baba, ubebe na kifo changu.” Ni laana! Na Valère Mulumba, mwenye akili ya vitabu yote, alikuwa amebeba hadithi namna iliandikwa: Yakobo mara saba, naye mara saba. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba Yakobo alikuwa mudogo.

Esau alikimbia, akamukumbatia ndugu yake. Na mimi nilikimbia: nilikimbilia ndani, nikafunga mulango. Bamama wa soko wanasema mara ya saba aliinamia ubao wa mulango. Akaweka kapu chini, akangoja mpaka mashua ya mwisho, akarudi.

Nilikuwa na haki ya kuogopa siku ile. Siku zilizofuata sikuwa nayo. Lackson alikuja kunieleza wiki ile ile: Olipa alimuuliza mume wake, “Nani alikuambia mukubwa apige magoti kwa mudogo? Yakobo alikuwa mukubwa?” Marehemu akafungua Biblia, akaifunga. “Ee Olipa,” akasema, “miaka ishirini na nane nasoma hadithi hii!” Wakacheka wote wawili, na yeye kisha akalia. Nilisikia hayo yote. Ningevuka kesho yake, tungecheka watatu.

Daftari linaonyesha alirudi kwenye meza. Alikuta pale Yakobo anapanga zawadi zake neno la uso, panim, liko mara ine katika mupango mumoja: atulize uso wa Esau, kwa zawadi yenye inatangulia uso wake mwenyewe, kisha auone uso wake, labda naye ainue uso wake. Yakobo anafikiri juu ya mbuzi na ngamia, lakini mudomo wake unasema uso, uso, uso, uso. Chini yake marehemu ameandika: “Nilituma makapu. Yeye hakukosa samaki.”

Toka mwaka ule, kila mwanzo wa mvua, mutu wa kuvuka aliniletea neno moja kutoka kwake: “Sitapiga magoti tena. Nataka nione uso wako, basi.” Na mimi kila mwaka nilijibu, “Tutaona.” Mara sita nilisema hivyo. Tutaona! Kama vile mimi ndiye nilikuwa naweka siku za mutu.

Ugonjwa ulimuanza Aprili mwaka huu. Ni ini, wanganga wa hospitali walisema, na tumbo likajaa maji. Jumatano hakuacha, alifundisha akiwa amelala, Léonie binti yake akiandika kwenye chumvi mahali pake. Tarehe 2 Agosti alipelekwa hospitali, Nchelenge, na pale walimutunza vizuri mpaka mwisho. Familia inawashukuru masista. Wagonjwa wa chumba kile wanasema aliwauliza majina yao, akawatafutia kila mutu habari yake ndani ya Biblia. Muzee mumoja mwenye hakutaka dini akapewa Yona, juu wote wawili walikuwa na hasira.

Jumamosi tarehe 11 Agosti Lackson akavuka kuniita. Hakukaa hata chini. “Shemeji, anakwisha. Anasema usilete kitu. Anasema leta uso.”

Batata na bamama, safari hii sikusema tutaona. Niliamka kwenda. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuvuka. Lakini nilisema: mudogo anakwendaje kuona mukubwa wake mugonjwa mikono mitupu, nyuma ya miaka tisa? Batu wa Kabuta watasema nini? Nilitaka mbuzi. Na si mbuzi yeyote, nilitaka dume mweupe, munene, wa kunyamazisha midomo. Jumapili nilimutafuta Kilwa, sikumupata. Jumatatu nilikwenda vijiji vya nyuma, nikamupata jioni. Lackson alikuwa ananifuata akisema, “Shemeji, mashua iko tayari.” Nilimuambia anyamaze, hajui desturi.

Mukubwa wangu Valère Mulumba alikufa Jumanne tarehe 14 Agosti 1979, saa moja asubuhi, na miaka hamusini na mbili. Mimi nilifika saa sita. Nilimufunga mbuzi kwenye muti wa hospitali, nikaingia. Olipa hakunigombeza, ningependa anigombeze. Alisema tu, “Usiku kucha aliomba tumugeuze kuangalia mulango.” Akafunua shuka. Basi uso niliuona. Ni mimi niliuona, yeye hapana. Mbuzi yule mutamula leo, na ninaomba mumumalize, nisione hata ngozi yake.

Sasa vijana wa Kabuta mwenye mulimunyima ndugu yenu salamu, mimi si mwalimu, sina Kiebrania. Lakini ndugu yako akikuita, wende na nguo uliyovaa.

Marehemu ameacha muke wake, Olipa Chilufya. Watoto watatu, Zacharia, Léonie na Mutale. Shemeji yake Lackson, mwenye aliogelea naye na kuvuka kwa ajili yake bila kuchoka. Watu wa meza yake ya Jumatano, ambao Léonie amekubali kuendelea nao. Na mudogo mumoja, Dominique, mwenye alikuwa anatafuta mbuzi.

Mukubwa wangu, kosa lilikuwa langu. Mungu akufungulie mulango upesi kuliko mimi, na mule ndani upumzike.